Dashibodi ya Pili: Kuweka Kioo cha Namba Bila Kuliharibu Gari

Swali ni lile lile, ila linakuja na magari tofauti. Mwenye mchomoko wa Probox anayetoka Shishiyu kwenda Maswa mjini, mwenye Noah ya Bariadi, mwenye Land Cruiser kuukuu linaloingia mashambani msimu wa pamba, wote wanauliza: naweza kung'oa dashibodi ya gari langu nikaweka kioo cha kidijitali kinachoendeshwa na kompyuta, kama vile vya kwenye video? Jibu fupi ni kwamba kuweka inawezekana, kung'oa usijaribu. Dashibodi yenye faida kwa dereva wa mkoa wa Simiyu ni ya pili, ndogo, inayokaa pembeni ya ile ya kiwandani na kumwonyesha namba chache ambazo ya kiwandani haimwonyeshi. Ya kwanza kati ya hizo ni joto la maji ya injini. Ukiishia kwenye hiyo moja tu, kazi yako imelipa.

Kwa nini ya kiwandani ibaki

Wengi hudhani dashibodi ni mishale na taa tu. Humo ndani kuna mambo ambayo kioo chako hakitayapata kirahisi. Taa ya shinikizo la oili, taa ya breki na hendibreki, taa ya mifuko ya hewa: katika magari mengi taa hizi zina nyaya zake, au zinazungumza lugha ya siri ya mtengenezaji, wala hazipatikani kwenye soketi ya kupimia gari. Kilomita ambazo gari limetembea nazo kwa kawaida zimehifadhiwa humo, na ukiiondoa dashibodi hiyo utakuwa na gari lisilo na historia siku ya kuliuza. Baadhi ya magari yameweka humo hata ulinzi wa ufunguo. Ukichomoa, injini haiwaki. Na askari wa usalama barabarani akikuuliza ulikuwa mwendo gani kwenye eneo la 50, sentensi ya "kioo changu kilizima kidogo" haitakusaidia.

Kuna atakayesema: mbona Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mchora katuni Masoud Kipanya akaonyesha lake, Kaypee, mwaka 2022? Hao waliunda gari zima. Gari linaloanza na chasi tupu halina dashibodi ya kupoteza, hivyo lazima liundiwe yake. Wewe una gari ambalo tayari linafanya kazi, na kila unachoondoa unapaswa kukirudisha kikiwa kizima kama kilivyokuwa. Hiyo ni kazi ya miezi, na malipo yake ni sura tu.

Mshale unaokaa katikati

Hapa ndipo hoja yote ilipo, tuende taratibu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya Maswa na Bariadi hutelemka kwenda ziwani. Maana yake Maswa na Bariadi ziko juu zaidi ya hapo. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 96, si 100 kama tulivyokaririshwa shuleni. Mfuniko wa rejeta ulio mzima, ule ulioandikwa 0.9 au 1.1, hubana mvuke na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115. Mfuniko uliochoka mpira haubani kitu. Sasa weka pembeni yake namba nyingine: thamostati ya Toyota nyingi hufunguka karibu nyuzi 82, na feni ya umeme huwaka kwenye 95 hivi. Gari lenye mfuniko mbovu na maji ya kisima matupu basi linafika mahali pa kuchemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka.

Je, mshale wa joto utakuambia? Katika magari mengi, hapana. Watengenezaji waliufanya kwa makusudi ugande katikati kuanzia kama nyuzi 80 hadi kuvuka 100, ili dereva asihangaike kila unapopanda kidogo. Ukianza kusogea, muda wa kuchagua mahali pa kusimama umeshapungua sana. Na magari madogo kama Vitz na Passo hayana hata mshale: yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu mambo yakiwa yameshaharibika. Kati ya bluu na nyekundu kuna giza. Gasketi ya silinda hedi huungua humo gizani, na fundi atakayeibadilisha atakutoza zaidi kuliko bei ya vifaa vyote vinavyotajwa katika makala hii.

Namba ya pili ni volti za betri, maana alternata inayokufa huanza kuonyesha dalili siku kadhaa kabla gari halijakataa kuwaka sokoni. Zilizobaki, mzunguko wa injini, mwendo, joto la hewa inayoingia, ni za kujifurahisha. Hakuna ubaya, lakini zisikucheleweshe kwenye hizo mbili.

Piga tochi kwenye soketi kabla ya kununua chochote

Chini ya usukani, mara nyingi juu kidogo ya pedali, kuna soketi yenye matundu 16 katika safu mbili. Marekani iliilazimisha kwa magari yake tangu mwaka wa modeli 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa ya petroli. Tatizo letu ni kwamba magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na kuwapo kwa soketi hakumaanishi kwamba gari linajibu lugha ya kawaida. Kwa hiyo usianze dukani. Anza na tochi, uangalie ni matundu yapi yana chuma ndani:

- Tundu la 16 ni umeme wa betri, la 4 na la 5 ni ethi. Haya hayakosekani.
- La 6 na la 14 yakiwa na chuma, gari huenda linatumia CAN, njia ya kasi, na kazi itakuwa nyepesi.
- La 7 likiwa na chuma huku la 6 na la 14 matupu, gari linatumia waya mmoja wa zamani, K-line. Inawezekana, ila namba zitakuja polepole.
- Baadhi ya magari ya soko la Japani hudai salamu maalumu kabla ya kujibu lolote. Programu ya simu kama Torque ina sehemu ya kuiandika. Tafuta maelezo ya modeli na mwaka wa gari lako hasa, usitumie ya gari linalofanana nalo.

Anza na simu

Kwa jaribio la kwanza usijenge chochote. Nunua adapta ndogo ya blututhi ya kuchomeka kwenye soketi, ile inayoitwa ELM327, weka programu kwenye simu ya zamani, washa gari, uone kama namba zinakuja. Intaneti haihitajiki ukishapakua programu, hivyo mtandao ukikatika njiani hakiharibiki kitu. Adapta zenyewe ndizo mtego. Karibu zote zinazouzwa kwa bei ya chini ni nakala za chipu ya Elm Electronics ya Kanada. Muuzaji akikuambia "hii ni toleo 1.5", jua kwamba kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Ajabu ni kwamba nakala zenye jina hilo mara nyingi hufanya kazi vizuri, wakati nyingi zilizoandikwa 2.1 zimepunguzwa amri na hushindwa kabisa kwenye K-line. Ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, au ukubaliane kurudisha.

Namba zikija, unaweza kuishia hapo. Simu iliyoshikizwa vizuri, isiyozuia kioo cha mbele na isiyokaa juu ya mfuko wa hewa, ni dashibodi tosha kwa anayeendesha mara moja moja. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima simu ina udhaifu wake: huchemka juani, huita katikati ya safari, na betri yake huvimba kwa joto. Huyo ndiye ajenge.

ESP32 au Raspberry Pi?

Video nyingi zinaonyesha Raspberry Pi, kompyuta kamili yenye ukubwa wa kadi ya benki, na watu huinunua kabla ya kujiuliza kama wanaihitaji. Kwa ramani, muziki na kamera ya nyuma inafaa. Kwa namba mbili au tatu na kengele, ni trekta la kulimia bustani ya mchicha. Inachukua nusu dakika hivi kuamka, hujipunguza kasi yenyewe chipu yake ikikaribia nyuzi 80 hadi 85, na ukiikatia umeme ghafla wakati inaandika, kadi yake ya kumbukumbu huweza kuharibika. Gari huwashwa na kuzimwa mara ngapi kwa siku kwenye kituo cha abiria? Kila uzimaji ni bahati nasibu. Kama lazima uitumie, weka mfumo wake katika hali ya kusomwa tu bila kuandikwa, na uiwekee kizimio kinachosubiri ijifunge vizuri.

Bodi ndogo ya ESP32 huamka kabla hujafunga mkanda, haijali kukatiwa umeme, na blututhi yake inaweza kuzungumza na adapta ile ile uliyoijaribu kwa simu. Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi: chukua ESP32 ya awali. ESP32-S3 na ESP32-C3 ni mpya zaidi lakini hazina blututhi ya kawaida ambayo adapta nyingi za bei nafuu zinatumia. Hazitaungana nazo. Ukitaka kuachana na adapta kabisa, kwa gari la CAN ongeza chipu ya SN65HVD230, na kwa K-line ongeza L9637D.

Gari linavyojibu

Wasomaji wasiojua programu huogopa sehemu hii kuliko inavyostahili. Kioo chako kinauliza "01 05", yaani: nipe joto la maji. Gari linajibu, kwa mfano, "41 05 7B". Mbili za mwanzo zinathibitisha swali. Jibu ni 7B. Hiyo ni namba katika hesabu ya kumi na sita: 7 mara 16 ni 112, na B ni 11, jumla 123. Toa 40. Maji yako yana nyuzi 83. Arobaini hutolewa ili namba moja iweze kubeba hata baridi ya chini ya sifuri ya nchi nyingine.

Mzunguko wa injini huja katika sehemu mbili. Jibu "41 0C 1A F8" ni 6,904 katika hesabu yetu. Gawanya kwa 4, upate mizunguko 1,726 kwa dakika. Mwendo, "01 0D", hauhitaji hesabu yoyote. Kiasi cha mafuta, "01 2F", magari mengi hayakijibu, kwa hiyo usianze na hicho ukadhani umekosea. Volti usiziulize kwa gari. Zipime mwenyewe kwenye waya wa umeme kwa kutumia vipingamizi viwili vya kugawa, maana ESP32 haivumilii zaidi ya volti 3.3 kwenye miguu yake.

Je, kuuliza huku kunaweza kuharibu kompyuta ya injini? Maswali yanayoanza na 01 ni ya kusoma tu. Amri ya 04 hufuta kumbukumbu za hitilafu, pamoja na ushahidi ambao fundi angeuhitaji, hivyo usiiweke kwenye kifaa chako hata kwa majaribio. Na usichomeke mashine nyingine ya kupimia huku chako kikiendelea kuuliza.

Umeme, pale kazi nyingi zinapofia

Kioo kisipofanya kazi, mara nyingi programu haina kosa. Umeme ndio mbaya. Betri ya gari inaitwa ya volti 12, lakini ikipumzika na kujaa huwa na 12.6, injini ikiwaka hupanda hadi 13.8 au 14.5, na wakati wa kupiga stata huweza kuanguka chini ya 10. Volti zikibaki chini ya 13 injini ikiwaka, tazama mkanda na alternata. Zikipita 15, regyuleta imeharibika, na hapo chako si kifaa pekee kilicho hatarini.

Fuata mpangilio huu, wala usiruke hatua:

1. Chukua umeme kwenye fyuzi inayokufa ufunguo ukitolewa. Kifaa cha wati 6 kilichoachwa kwenye umeme wa kudumu hula nusu ampea. Kwa siku mbili ni Ah 24, zaidi ya nusu ya betri ya Ah 40.
2. Weka fyuzi yako ya ampea 2, karibu kabisa na pale unapochukulia umeme. Fyuzi iliyo karibu na kioo inakilinda kioo na kuuacha waya uungue.
3. Tumia kibadilishi cha kushusha hadi volti 5 kinachohimili angalau 40, na mbele yake weka diodi ya TVS.
4. Funga ethi kwenye bodi ya gari palipokwanguliwa rangi, kwa boliti. Skrubu iliyokazwa kwenye plastiki haipitishi umeme, hata ikikazwa vipi.
5. Usiguse waya wala kiungio chochote cha rangi ya njano chini ya usukani. Ni cha mifuko ya hewa.

Diodi ya TVS ya hatua ya tatu ina sababu ya kienyeji. Baadhi ya mafundi bado wana tabia ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "kupima alternata". Wakati huo alternata haina pa kupeleka umeme wake, na volti huruka makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Kinaweza kuungua kioo chako, na inaweza kuungua kompyuta ya injini pia. Mwambie fundi mapema kwamba hilo hutaki. Alternata hupimwa kwa mita.

Adapta inayokaa kwenye soketi nayo hula umeme kutoka tundu la 16 hata gari likiwa limezimwa. Gari likilala siku kadhaa, ichomoe.

Jua, vumbi na macho ya dereva

Kioo cha kawaida kinachong'aa vizuri sebuleni hupotea kabisa saa nane mchana kati ya Maswa na Bariadi. Badala ya kutafuta kioo ghali chenye mwanga mkali, kiweke ndani ya kivuli: kikunjo cha plastiki nyeusi, kioo kimeelekezwa kwa dereva na siyo kwa dirisha. Usiku kifanye kipungue mwanga, vinginevyo kitakutia upofu barabara ya vumbi isiyo na taa.

Namba ya joto iwe kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, isomeke kwa kutupa jicho mara moja. Usichore mishale ya kuzunguka kwa sababu tu unaweza. Muhimu zaidi, usitegemee jicho: ukishahakikisha mfuniko wa rejeta ni mzima, weka kengele ndogo ilie joto likifika 100. Kabla ya kuiweka hiyo 100, endesha gari wiki nzima ukijua kawaida yake. Kama halivuki 94 hata likiwa na mzigo, shusha kengele hadi 98. Kifuniko kiwe na matundu chini, si juu, maana vumbi la Simiyu hushuka, na viungio vipakwe grisi ya umeme. Majaribio yote yafanyike gari likiwa limesimama, au abiria wa mbele akiwa ndiye msomaji.

Na Land Cruiser la zamani?

Injini kama 1HZ ya dizeli haina kompyuta ya kuuliza. Hapo unaweka sensa yako. DS18B20, iliyofungwa kwa klipu ya chuma kwenye mdomo wa chuma ambako maji ya moto hutoka kwenye injini na kufunikwa isipigwe na hewa, itasoma chini kidogo ya ukweli. Linganisha mara moja na kipima joto cha kuaminika, uongeze tofauti kwenye programu. Mwisho wa sensa hii ni nyuzi 125, inatosha. Hata hivyo kwa gari hili geji ya kawaida ya mshale yenye sensa yake ni mshindani halali. Kama hutaki kengele wala kumbukumbu, nunua geji.

Namba inayodanganya

Sensa ya joto hupima kile kinachoigusa. Bomba likipasuka na maji yakaisha, sensa hubaki kwenye mvuke na hewa, na namba inaweza kushuka huku chuma kikiungua. Kwa hiyo programu ilie pia namba ikianguka zaidi ya nyuzi 15 ndani ya muda mfupi injini ikiwa bado inawaka. Wajenzi wengi huliacha hili kwa sababu kushuka kunaonekana kama habari njema. Na kioo hakiondoi kazi ya asubuhi ya kufungua boneti na kutazama maji.

Kengele ikilia

Zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani hadi mwisho hata kama abiria watalalamika, kwa sababu nayo ni rejeta ndogo. Punguza mwendo. Namba ikirudi chini ya 95, endelea hadi mahali pa usalama. Isiporudi ndani ya dakika moja, au ikianguka ghafla, simama na uzime. Usiguse mfuniko wa rejeta. Acha ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha ili kioo kiendelee kuonyesha, ukikumbuka kwamba injini ikiwa imezimwa namba hupanda kidogo kwanza kabla ya kushuka. Ikifika chini ya 60, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, ulegeze taratibu mpaka mlio uishe, kisha washa injini, iache iungurume polepole, na uongeze maji kidogo kidogo. Maji ya baridi yakimwagwa kwa mkupuo kwenye injini ya moto hupasua hedi, na hapo gari litakwenda Mwanza likiwa juu ya gari lingine.